Pengo la S

Mama Nyemo kanitumia picha ya mlango wa bati
uliosimama Veyula kabla barabara ya mzunguko haijaufikia:
CHILEWA MASHINE YA KUSAGA,
rangi ya bluu, mkono wa marehemu mumewe.
Anataka herufi zile zile kwenye kibao kipya cha Nkuhungu.
Si zinazofanana. Zile zile.

Tangu saa tatu nafuata kingo zake,
nukta baada ya nukta,
na feni inahamisha vumbi kutoka huku ya meza kwenda kule.
C imekaa. H imekaa, mguu mmoja mfupi, nimeuacha.
S ya MASHINE inakataa rangi.
Namimina bluu, inabaki tupu
kama debe lililotoboka.

Nakuza. Nakuza tena, asilimia elfu moja na mia sita,
hadi tumbo la S linakuwa bonde,
na pale katikati mstari umekatika:
ncha mbili zinatazamana, hazigusani.

Kazi ndogo. Nachagua nukta hii, nachagua ile,
naamuru: unganisha.
Mstari unaruka pengo bila kuuliza njia,
bluu inajaa pomoni.
Najisifu, naagiza chai.

Mama Nyemo anakuja saa nane na unga kwenye nyusi.
Anasoma kwa kidole, hagusi kioo.
Anasimama kwenye S.
"Hapa umepaziba."
Palikuwa na kosa, mama.
"Hapa rangi ilimwishia. Akashuka ngazi,
akaniuliza uji umeiva.
Nikamwambia bado. Akakaa akaungoja.
Aliporudi juu, kopo jipya, hakuipata ile sehemu."

Kisu cha mashine yangu hakijui habari za uji.
Kinataka njia iliyofungwa; ukikipa iliyo wazi
kinapotea, kinachana stika nzima.
Basi nachukua mkasi, nakata pale nilipounga,
kisha nafunga kipande cha juu peke yake,
cha chini peke yake.
Herufi moja, njia mbili,
na kati yao upana wa punje ya uwele.

Umeme ukarudi saa kumi na moja.
Kisu kikaja kikiimba juu ya bluu,
kikazunguka tumbo la juu, kikafika penyewe,
kikainuka.
Kikakaa hewani kidogo, kikashukia upande wa pili.

Haikufika hata sekunde.
Uji hauivi kwa muda huo.