Mianzi ya Igowole

Mwaka ule wa kusimamisha mnara wa simu
tulibeba nondo mabegani, toka barabarani hadi kilimani.
Lori lilikwama. Matope ya Machi hayana adabu.
Fundi wao, Tuyen, mfupi, buti kubwa kuliko miguu,
alitutazama tukihema, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza:
"Babu yangu jenerali. Babu alibeba mzinga hivi."

Tukacheka. Luhwago akamuuliza: jenerali gani anabeba?
Jenerali hubebewa hata mwavuli.

Jioni, kwa Sekivike, ulanzi ukitoa povu kwenye mbeta,
akatusimulia.
Alizaliwa penye chai, kama sisi,
mwana wa mchumaji, gumba jeusi kwa utomvu.
Chuo cha vita hakukiona. Alikuwa karani wa mizani,
na siku moja alilipasua jiwe la kupimia
akakuta limemiminiwa risasi tumboni.
Risasi ya kwanza ya vita vyake, alisema Tuyen,
haikutoka kwenye bunduki.

Kwa hiyo vita vilipokuja alihesabu.
Baiskeli moja, mianzi miwili, kilo mia mbili za mchele:
mwanzi mmoja kwenye usukani, mmoja nyuma ya kiti,
mtu anasukuma, hapandi.
Mizinga waliifungua vipande vipande kama ng'ombe wa harusi,
wakaivuta usiku, kilima baada ya kilima.
Majiko waliyafukia. Moshi ukatambaa ardhini
ukatokea mbali, umechoka,
huwezi kuutenga na ukungu.

Sekivike hakuuliza habari za ushindi.
Aliuliza mfereji una urefu gani.

Walishinda. Akapewa nyota, nyumba ya ghorofa, dereva.
Yeye akabaki na daftari:
majina ya wasukuma baiskeli, kijiji kwa kijiji,
mengine yana nukta pembeni.
La kumi na tisa ni la mdogo wake wa tumbo moja.
Baiskeli alimkabidhi yeye mwenyewe.
Uzeeni alilisoma kila alfajiri kwa sauti,
mpaka mpangaji wa chini akahama.
Mwishowe alimsahau mkewe, akasahau kijiko kinashikwaje,
lakini kwenye nukta alinyamaza, kila moja,
kwa muda wa pumzi moja.

Tuyen akamaliza ulanzi wake, akafuta mdomo.
"Mianzi mingi hivi," akasema, "nyinyi mnaikamua tu?"

Mnara upo. Ukungu ukishuka huuoni, unasikia waya zikivuma.
Moshi wa Sekivike siku hizi hutokea shambani kwa Chavala,
na Chavala ameshashtaki kwa balozi.
Nami nina viazi magunia mawili vya kufikisha lami.
Nimefunga mwanzi kwenye usukani.
Nasukuma, sipandi,
na kwenye mteremko wa kanisani, sijui kwa nini,
huwa najihesabu.