Mlango wa Mboni

Tangu alfajiri Dafroza amedondosha matone,
mara tatu, mara nne, na ya ziada bila kuniuliza,
na bado mboni ya Bibi Kalunde
ni punje ya uwele.
Nyuma yake mtoto wa jicho amekomaa,
rangi ya asali ya Sikonge, ile ya mwisho wa mzinga,
na mlango ni huo tu.

Nani alimwita mtoto?
Huyo alijua kuna siku atahitaji kuzaliwa.

"Haufunguki?" anauliza chini ya shuka la kijani.
Bado, bibi.
"Nimezalisha miaka arobaini.
Nakijua kimya cha mtu anayengojea mlango."

Umeme unapepesa. Jenereta inakohoa, inashika.
Natia dawa ndani ya jicho lenyewe, kisha ute mzito,
usukume pale ambapo chuma hakiruhusiwi.
Pazia la kahawia limeng'ang'ania mtoto,
kovu la uvimbe wa zamani
alioutibu kwa majani, au hakuutibu,
alikuwa kwenye vitanda vya wengine.
Nabandua kwa ncha butu, uzi kwa uzi.

"Usivute kwa hasira," anasema.
"Ukilazimisha unachana. Ukichana, damu.
Na damu haina adabu."

Sikuwa nimemwambia ninachofanya.
Dafroza ananitazama juu ya barakoa.

Ndoano nne, wembamba wa unywele.
Moja.
Ya pili.
Ya tatu inateleza, naanza upya.
Ya nne.
Mboni inakuwa dirisha la pembe nne
kama yale ya nyumba za reli karibu na stesheni.
Si zuri. Linatosha.

Hapo ndipo anatoka,
vipande vipande, mgumu, hakulia.

"Ametoka?"
Ametoka, bibi.
"Na kondo?"
Nikabana kicheko, mkono usitikisike.
Kweli kulikuwa na maganda yamebaki kwenye kona.
Nikayafyonza yote.

Asubuhi nafungua bandeji.
Mboni haikurudi kuwa duara,
imebaki na kona moja
kama chungu kilichobonyea kabla ya kuchomwa.
Nanyoosha vidole: vingapi hivi?
Hahesabu.
Anaukamata mkono wangu, anausogeza karibu,
anaugeuza, juu, chini.
"Kucha umekata," anasema.
"Vizuri."