Saini ya Tatu

Mwaka ule mbao zilinunuliwa zingali na utomvu.
Malori yalilala foleni toka mizani hadi kanisani,
misumeno ikikohoa usiku kucha, hata Jumapili,
na unga wa mbao ukatua juu ya ugali.
Hatukulalamika. Ulinukia fedha.

Ndipo Chengula, mwenyekiti wetu, akasema:
"Mji ni kama mtu, asipovaa hasalimiwi.
Mabasi ya Makambako yanatupita kama choo cha njiani."
Akatandaza ramani mezani,
akaikandamiza pembe nne kwa vikombe vya chai:
stendi yenye chemchemi,
soko la ghorofa tatu,
taa sitini na nne, njia panda mpaka hospitali.

Diwani mmoja tu, Tulalumba Kihwele, aliuliza,
"Mkopo huu unakomaa lini?"
Mtu wa benki akasema, miaka kumi.
"Na paina hukomaa kwa kumi na minane."
Tukacheka. Tulicheka
mpaka kikombe kikapinduka,
chai ikaingia sokoni, ghorofa ya pili.

Dhamana ilikuwa msitu wa mji,
ule mama zetu walioupanda kwa mgowe,
miche mgongoni pamoja na sisi.
Saini ya kwanza, ya mwenyekiti.
Ya pili, ya mkurugenzi.
Ya tatu, ile ndogo,
iliyolala kama siafu aliyekanyagwa,
ni yangu.

Siku ya ufunguzi tulichinja ng'ombe wawili.
Maji yaliruka juu kuliko kofia ya askofu.
Watoto wa bondeni walikuja na madumu,
walidhani tumewaletea bomba.
Mgambo akawafukuza.
Hilo halimo kwenye muhtasari. Nimeuandika mimi.

Bei ya mbao ilianguka kama ukungu wa Juni:
hakuna aliyeona ulipoanzia,
tulishtuka tu hatuoni ng'ambo ya barabara.
Deni, lenyewe, halikupotea njia.
Lilifika kila robo mwaka, limenyoosha suruali.
Tukatoza magunia. Tukatoza mikokoteni.
Mwishowe nikatumwa na kitabu cha stakabadhi
kwa wagema ulanzi.

Kijana mmoja, Lwitiko, hakuacha hata kisu chake.
"Karani, mwanzi hukatwa mwembamba,
asubuhi kidogo, jioni kidogo.
Ukiukata kwa njaa, haulii tena."
Akanipa shilingi mia tano.
Nikamwandikia risiti. Mkono wangu ulinuka pombe
mpaka ofisini, na hakuna aliyeniuliza.

Taa zikazimwa, moja moja, kwa barua.
Imebaki ya mlango wa wazazi
kwa kuwa inakula mita ya hospitali.
Ghorofa ya tatu ya soko wanalala popo.
Msitu ulikatwa kwa wiki sita.
Sikwenda kuangalia. Nilisikia.

Mnasema Chengula aliiba.
Hakuiba. Vitabu vilikuwa mikononi mwangu,
senti ikipotea ningeijua kwa jina.
Aliupenda mji huu kabla haujaota meno,
akaulisha nyama.
Siku hizi anauza mabanzi nyuma ya stendi,
kila asubuhi analipa ushuru wa meza
na lazima adai risiti.
Nikimpa, huisoma yote, hata namba.

Kwenye beseni la chemchemi
Tulalumba ameanika pareto.
Jua likipiga, utadhani maji yamerudi, meupe,
yametulia.
Jana nilipita na barua mkononi.
"Wamesemaje?"
Nikamwambia: wametuongezea muda,
sasa ni miaka ishirini na mitano.
Aligeuza maua kwa kiganja, taratibu, upande wa pili.
"Basi safari hii paina itawahi," akasema.
"Kama kuna aliyepanda."