Neno la Filomena

Nilianza, kama kila mgeni, na lango:
ngao ya jiwe iliyolambwa na chumvi
hata maandishi yake yamebaki ufizi mtupu.
Kisha mizinga. Kisha mto Kundalika
unavyoingia baharini bila kubisha hodi.

"Hiyo kila mtu anayo," akasema Filomena Rocha,
aliyepanda kilima cha Korlai kumtafuta mbuzi wake,
kandambili mkononi.
Akanivuta hadi kwenye kuta nne zisizo na paa,
majani yameota palipokuwa na altare.

"Hapa panaitwaje?"
"Igreja."

Nikashusha kamera.
Kwetu neno hilo hilo lilishuka merikebuni,
likajenga ngome, likatia watu pingu,
nasi tukalitamka kama tulivyolionja:
gereza.

Nikamweleza. Nilidhani atacheka.
Alisugua ukuta kwa kidole gumba, polepole,
kama mtu anayekagua noti asiyoiamini.
"Mababu zangu walibatizwa humu," akasema.
"Sisi tulilisikia kutoka ndani.
Nyinyi mlikuwa upande gani wa mlango?"

Sikuwa na jibu. Betri ilikuwa asilimia nne.
Tukabadilishana maneno madogo badala yake,
meza kwa meza, bendera kwa bendera,
hadi mbuzi akatokea juu ya mzinga
akitafuna kitu cha karatasi.

Video niliyorudi nayo ni upepo mwingi,
kidole changu pembeni,
na sauti yake ikiita jina la mbuzi
ambalo sijui asili yake.