Karani wa Mizani

Msinidai mizani katika shairi hili.
Mizani yangu ni ya chuma, ina kutu sikioni,
imetundikwa kwenye boriti ya banda la mabati
nyuma ya Langoni, palipokuwa zizi la punda.
Kaunti imenipa daftari, kalamu mbili,
na fulana ya kijani inayonibana kwapani.

Kilo ya plastiki, shilingi kumi na mbili.
Chupa ziwe tupu, vifuniko kando,
ndara zikae na ndara.
Ndivyo usemavyo waraka
uliobandikwa mlangoni kwa uji wa ngano.

Mapipa nayo yalikuja, matatu kila mtaa.
Wiki ya pili nikapita Mkomani asubuhi:
la buluu limekinga mvua chini ya mlizamu,
la manjano lina unga, limefunikwa kawa,
la kijani sikuliona,
ila nilisikia kuku akitangaza yai ndani ya ua.
Sikuandika kitu.
Daftari halina safu ya kuku.

Bi Mwanate huja Jumatatu na Alhamisi.
Alikuwa msusi wa mikeka; hata akiketi kusubiri zamu
vidole vinakunja ukili usiokuwepo.
Sasa huokota ufuoni maji yakitoka,
chupa zenye maandishi ambayo mimi,
niliyesoma hadi chuo, siyajui juu wala chini.
"Hizi za wapi?" namuuliza.
"Za bahari. Na bahari haina kitambulisho."

Famau, kijana wa punda watatu,
alinijazia mchanga.
Gunia la kilo sita likasoma kumi na tisa.
Nikafungua kifuniko kimoja tu,
mchanga ukanimwagikia miguuni, mwembamba, mweupe.
Akacheka. Nikacheka.
Kisha akaniangalia kwa mato makavu:
"Na pesa za mwezi jana, zaya lini?"

Nikaandika sita.
Nikafuta. Nikaandika saba.
Kilo moja ya mchanga wa Lamu
imo katika hesabu za serikali,
na atakaye kunishtaki
aje na mizani yake.

Mashine ya kusagia ilishuka gatini mwezi wa Machi.
Wanaume wanane waliibeba hadi mdomo wa kichochoro,
na kichochoro kikakataa:
upana wake ni punda mmoja
na mtu mmoja aliyejibana ukutani kumpisha.
Wakaifungua vipande, vikapita kimoja kimoja.
Mota bado iko Mokowe, inasubiri sahihi.
Sahihi iko mkutanoni.

Haba na haba hujaza kibaba,
alituambia afisa siku ya uzinduzi.
Sibishi. Ila kibaba nakishika mimi,
nami najua kinavujia wapi.

Lakini nisiwe mnyimi wa haki.
Mvua ya Mei ilipopiga
mtaro wa mbele ya msikiti ulipita.
Ulipita, jamani!
Watu walitoka madukani kuutazama
kama watazamao bibi harusi akipita,
na mzee mmoja wa duka la vitambaa
alitupa ganda la ndizi majini
ili ahakikishe linakwenda.
Likaenda.
Nami, kwa ukarani wangu, nikataka kumwambia
ganda huenda pipa la kijani,
nikameza maneno.

Jana jioni, nikifunga,
Shekuwe wa darasa la nne akaja anaburura kitu kirefu:
bango la uzinduzi, lililong'olewa na kusi.
LAMU SAFI INAWEZEKANA, liliandikwa.
Upepo umelipasua, limebaki
LAMU SAFI INAWE.
Inawe uso, nikasema moyoni,
inawe na mikono, kisha tule.

Nikalitundika. Kilo mbili na robo.
Shilingi ishirini na saba, nikatoa mfukoni mwangu.
Mtoto akachungulia daftari:
"Utaandika plastiki, au utaandika serikali?"

Nikamwambia ashike ncha ile,
nami nishike hii,
tulikunje kabla giza halijaingia.