Droo ya Chini

Tafiti kumi na tisa nimezipanga mezani,
Chiromo, mwezi wa saba, baridi ya kukaza vidole,
na zote zasema neno moja:
kijana akiandika barua ya shukrani
siku tatu kabla ya mtihani
moyo wake hutulia.

Nikachora nukta zake kwenye karatasi ya miraba.
Kulia zimebanana.
Kushoto, huku chini, hakuna kitu:
pengo, kama la mtu aliyeng'olewa jino
anayecheka akijiziba kwa kiganja.

Nikapiga simu.
"Dokta Mutheu, ule utafiti wako wa Kariobangi uliishia wapi?"
Kimya. Kikohozi.
"Haukutoa kitu."

Haukutoa kitu.
Watoto mia mbili na kumi na wawili
waliamka Jumamosi, wakalamba ncha za penseli,
wakaandika.

Ufunguo ulipotea alipohama ofisi.
Tukamwita fundi wa kufuli kutoka Ngara, Wekhuyi,
akaja na waya na kichupa cha mafuta ya cherehani.
"Mna pesa humu?"
"Mna sufuri," nikasema.
"Kumbe na sufuri hufungiwa?"
Akapiga goti, akaanza kazi.

Droo ikalia.
Vumbi, risiti ya chai na mandazi,
hojaji zimefungwa kwa uzi wa katani,
na juu kabisa mwandiko wa kuinama:
*Barua nimeandika. Bado naogopa.*

Dokta aliisoma akiwa amesimama.
"Jarida lilinijibu kwa mistari miwili," akasema.
"Wa pili ulikuwa wa kunitakia heri."

Jioni nikaitia nukta yake mahali pake.
Wastani ukashuka
kama maji ya tangi siku ya mgao:
haukukauka, ila
hauwezi tena kuoga nyumba nzima.
Basi na iwe hivyo. Kidogo cha kweli hunywewa.

Utafiti ujao nitaandika dhana yangu mapema,
kabla sijahesabu hata mtoto mmoja,
niitie tarehe, nimkabidhi
mtu asiyenipenda.

Lakini hilo nilisema baadaye.
Pale ofisini, fundi alifuta mikono, akauliza,
"Niweke kufuli mpya?"
Dokta akatikisa kichwa.
Mimi nikakumbuka mwaka jana,
nilivyopima mambo matano
nikatangaza moja, lile lililonichekea,
na mkono wangu, mfukoni,
ukagusa ufunguo.