Sahihi ya Rekta

Miaka ishirini na sita nimeandika majina ya watu wengine
kwa wino mweusi, kalamu ya ncha bapa,
katika chumba kisicho na dirisha, huku kilimani Bukavu.
Mimi jina, yeye sahihi.
Hivyo ndivyo nilivyomjua Profesa Cirhuza.

Sahihi yake ya kwanza ilikuwa pana, ina mkia
kama wa ng'ombe wa Kabare akifukuza nzi.
Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Marekani,
na koti zito la theluji ambalo Bukavu haikuwa na kazi nalo,
na masanduku matatu ya vitabu
ambayo watu wa forodha pale Ruzizi walidhani ni sabuni.

Wakamwandikia kule: rudi, tutakuongeza mshahara.
Barua aliikunja mara nne, akaisukumiza
chini ya mguu mfupi wa meza yangu.
"Sasa haitikisiki."
Ipo hadi leo. Nimeisoma. Mshahara ulikuwa mkubwa.

Hakuwa malaika. Asubuhi hasemeki.
Alimfukuza mtoto wa dada yake kwa kunakili mtihani,
na dada mtu akakaa miaka minane
bila kumpelekea hata bakuli la maharage.

Mwaka wa vita sahihi ikafupika, mkia ukapotea.
Umeme hakuna. Tulishika mshumaa kwa zamu,
nta ikadondokea diploma ya daktari mmoja.
"Iache. Atajua ilitoka wapi."
Minervali ililipwa kwa viroba vya muhogo,
naye akaviandikia risiti, kilo kwa kilo.
Mkewe aliuza sambaza Nyawera, hadharani,
wanafunzi wakinunua, wakiona haya kuomba nyongeza.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka.
Herufi zikawa ngazi za Kadutu baada ya mvua.

Siku ya mwisho aliagiza faili moja kuukuu:
Nsimire M'Birhali, kilimo, amefaulu.
Hakufika mahafali.
Alikwenda kumwonyesha mama yake gauni,
barabara ya Bunyakiri haikumrudisha.

Niliandika jina. Naye akatia sahihi polepole,
ulimi nje kidogo kama mtoto wa shule,
na ule mkia, sijui aliutoa wapi, ukarudi.

Tulingoja wino ukauke. Nje mvua imeshika.
Akaifunga diploma ndani ya lile koti la theluji,
yeye akabaki na shati,
akashuka kwa miguu kutafuta gari la Bunyakiri.